Mwalimu Nyongesa na Digrii Yake ya Darasani

Kwa miaka ishirini na saba Ezekiel Nyongesa alikuwa mwalimu wa P1, na hakuna siku aliyolisahau jambo hilo. Alipofika Eldoret kutoka Kimilili mwaka wa 1995, kijana mwembamba mwenye suruali mbili na cheti hicho cha P1, cha kufundisha shule ya msingi, cheti hicho kilimtosha kabisa. Kilimpatia kazi, kikampatia mke, kikampatia nyumba ya vyumba viwili huko Kapsoya na heshima ya kuitwa mwalimu na kila mama mboga. Lakini miaka haikumngoja. Watoto aliowafundisha kugawanya na kuzidisha walianza kurudi shuleni kumsalimia wakiwa na digrii zao, wengine mbili mbili, na wote walimwita "mwalimu wangu" kwa ile sauti ya upole tunayoitumia tukienda kumwona mgonjwa. Nyongesa aliwachekea. Wakishatoka langoni, darasa lake lilikuwa na taabu mpaka kengele ya saa kumi.

Shule yenyewe ilikuwa ya kibinafsi, na ingawa ilikuwa na jina refu la Kiingereza langoni, hakuna aliyejisumbua nalo. Iliitwa "kwa Kimeli", kwa sababu mwenyewe alikuwa Mzee Kimeli, mkulima wa mahindi aliyeishi Elgon View na kuja shuleni kila Jumatatu, buti zikiwa na udongo, kuuliza kama watoto wamekula. Mzee aliishia darasa la saba na hakumficha mtu. Mbele ya walimu alivua kofia, jambo ambalo hakulifanya hata mbele ya mwenye benki, na mwalimu akisema jambo la masomo, yeye aliitikia kwa kichwa na kulichukua kama lilivyo.

Katika ofisi ya walimu, meza ya Nyongesa ilitazamana na ya Teresia Waiyego, mwanamke wa kutoka Burnt Forest, mdogo wake kwa miaka kumi hivi. Mumewe Macharia alikuwa na agroveti mjini, duka la mbegu, mbolea na dawa za mifugo. Walimu wengine walimwita Nyongesa "Sir", kama ilivyo desturi ya shule zetu. Waiyego alimwita Baba Nanzala, kwa jina la binti yake wa kwanza, naye akamwita Mama Wamucii. Kwa miaka kumi na zaidi waligawana chai, chaki na umbea, na mmoja akiugua mwenzake alimshikia darasa bila kuulizwa.

Mwaka wa 2017 wote wawili waliamua kutafuta digrii, na hapo njia zikaachana. Nyongesa alijiandikisha chuo kikuu kwa yale masomo ya likizo: watoto wakifunga shule Aprili, Agosti na Desemba, walimu wao wanafungasha mabegi na kwenda kukaa wao kwenye madawati. Waiyego alichagua kusoma kwa simu, mtandaoni, katika chuo kilichotambuliwa na serikali. Hakuwa na namna nyingine. Miezi ya likizo ndiyo miezi wakulima wanajaa dukani, na Macharia hangeweza kuhudumia watu hao wote peke yake.

Nyongesa hakumwachia nafasi ya kupumua. Alimbandika jina la Madam Waifai. Akimwona ameegemea dirisha la kona, mahali pekee ambapo mtandao ulishika vizuri, waya masikioni na daftari magotini, alipita akikohoa.

"Digrii inapikwa darasani, Mama Wamucii," alimwambia. "Hiyo yako inapashwa tu moto."

"Endelea kucheka, Baba Nanzala," alijibu Waiyego bila kuinua macho. "Huyo mwalimu wako wa chuo anajua jina lako?"

Hapo Nyongesa alikumbuka ana madaftari ya kusahihisha. Ukweli ni kwamba walikuwa mia tatu ukumbini, mhadhiri alifika siku moja kati ya tatu, na siku aliyofika kipaza sauti kilikuwa kimekufa. Lakini kulikuwa na ukumbi, kulikuwa na mhadhiri, kulikuwa na bahasha kubwa ya kaki ya kubeba kwapani ukipita mjini. Kwa mtu aliyeitamani bahasha hiyo nusu ya maisha yake, hayo si mambo madogo.

Na alijua vizuri kabisa kwamba Waiyego alikuwa akijifunza. Siku moja alipita nje ya darasa lake la sita akamkuta amebeba gunia tupu la mbolea kutoka dukani, watoto wamelizunguka, wanasoma zile nambari tatu za mbele zinazoonyesha kiasi cha kila kirutubisho, na kubishana kuhusu uwiano. Kati ya watoto wale wa wakulima hakukuwa na aliyesinzia. Nyongesa alisimama dirishani mpaka aliposahau alikokuwa akienda. Jioni alimwuliza ameitoa wapi mbinu hiyo, naye akasema ni kazi ya chuo, walitakiwa kufundisha kitu kilichoko nyumbani kwa mtoto kisha waandike kilichotokea. Nyongesa alikuwa na maelezo ya somo kama hilo kwenye bahasha yake ya kaki, kurasa kumi na nne, na hakuwahi kuyajaribu kwa mtoto yeyote.

Kisha ikaja korona. Machi 2020 kila kitu kilifungwa, na baada ya muda chuo cha Nyongesa kikatangaza kwamba masomo yote yaliyobaki yatakuwa mtandaoni. Mwalimu aliingiwa na baridi. Simu yake ilikuwa mulika mwizi, ile ndogo ya tochi. Alinunua simu kubwa, akaiweka juu ya meza ya sebule, akakaa akiitazama kama mgeni asiyejua lugha yake. Darasa la kwanza lilimpita akitafuta pa kuingilia. La pili aliingia, na watu mia tatu wakamsikia akimgombeza mkewe kuhusu chumvi. La tatu hakujaribu. Alimpigia Waiyego simu kumwambia kwamba ameacha chuo, umri wake umeenda, Mungu anajua.

Waiyego alikuwa na haki ya kumcheka mpaka achoke, na hakuitumia.

"Kesho kuja dukani saa nane," alisema. "Beba simu na miwani."

Kwa mwaka mmoja na nusu Nyongesa alisomea nyuma ya agroveti ya Macharia, amekalia magunia ya mbegu, harufu ya dawa ya kupe ikimkaa kwenye shati. Waiyego alimwonyesha pa kuingilia darasani, pa kuzima sauti, jinsi ya kuinua mkono, jinsi ya kuandika kazi na kuituma. Alipokosea mara tano alimwonyesha mara ya sita kwa sauti ileile. Mtihani ulipokuja, nao ulifanywa mbele ya kamera, Waiyego alitoka akaketi nje ya mlango kwenye kiti ili mteja asiingie, na hakugusa kitasa mpaka muda ulipokwisha. Swali lolote alilopata Nyongesa alilipata mwenyewe, na alilokosa alilikosa mwenyewe. Lakini bila mwanamke yule hangelifikia hata swali la kwanza, na alilijua hilo kama alivyojua jina lake.

Mwaka uliofuata chuo kikafanya mahafali ya watu kukusanyika. Ndugu walikuja kutoka Kimilili na kuku, joho likavaliwa, picha ikapigwa na kuwekwa sebuleni na mapambo ya kumetameta pembeni. Waiyego alileta kreti ya soda akaimba kuliko wenye ukoo. Mahafali yake yeye yalikuwa yamepita miezi mingi kabla, mtandaoni: jina lake lilionekana kwenye skrini kwa sekunde chache, akaliangalia pamoja na Macharia dukani, kisha akamhudumia mteja aliyekuja kununua chumvi ya ng'ombe. Cheti cha Nyongesa kilisema ni cha shahada ya ualimu. Hakikusema popote kwamba theluthi yake ilisomewa juu ya magunia. Cheti cha mtu hakisemi mambo hayo, na Nyongesa hakuona haja ya kukisemea.

Januari 2023 serikali ilianzisha sekondari msingi, gredi ya saba hadi ya tisa, na shule ya Kimeli ikahitaji mkuu wa sehemu hiyo mpya, mtu mwenye digrii. Waliokuwa nayo ni wawili tu. Kila mtu alijua ni nani anayefaa. Waiyego ndiye aliyewasomea wenzake mtaala mpya, ndiye aliyepanga ratiba, ndiye aliyeitwa kompyuta ikigoma. Nyongesa mwenyewe alimwambia walipokuwa wakinywa chai asubuhi ya usaili.

"Hii kazi ni yako, Mama Wamucii. Mimi naingia tu wasiseme sikujaribu."

Na alimaanisha. Ningependa mjue hivyo, kwa sababu watu hudhani uovu hupangwa siku mbili kabla.

Waiyego alitangulia. Alitoka baada ya nusu saa, uso umechangamka lakini una kivuli kidogo.

"Wamenishika kwa hiyo maneno ya online," alimwambia mlangoni. "Nimewaambia wakuulize wewe, umesoma yote mawili. Waambie tu vile ilikuwa, Baba Nanzala."

"Hiyo niachie mimi," alisema Nyongesa, akaingia.

Ndani walikuwa Mzee Kimeli, mchungaji wa kanisa la jirani aliyesinzia, na Joyline, karani wa shule, aliyeandika kila lililosemwa. Waliuliza hili na lile. Kisha Mzee akavua kofia akaiweka juu ya goti.

"Mwalimu, mimi ni mtu ya shamba," alisema. "Hii maneno ya kusoma kwa simu sijui. Huyu mama amesema tukuulize wewe. Hiyo inaweza kutengeneza mwalimu kweli? Na wewe yako ulisomea wapi?"

Nyongesa alifungua mdomo kusema lililo kweli. Lilikuwa tayari, alilisikia ulimini. Lakini aliiona ile kofia juu ya goti, akaona mzee tajiri anamtazama yeye, Ezekiel wa P1, kama mtu mwenye kujua, na akaona pia kile kiti cha ofisi upande wa pili wa meza. Alikuwa na miaka hamsini. Wazo likampitia kwamba hakuna atakayemwuliza tena swali kama hilo maishani.

"Yangu ni ya darasani, Mzee," alisema. "Hiyo ya simu sina habari nayo sana."

"Basi," alisema Kimeli, na Joyline akaandika.

Haikuwa hata uongo kamili. Ndivyo alivyojiambia akitoka. Alikaa darasani kweli, miaka mitatu, na hakumsema Waiyego vibaya hata kwa neno moja. Alijiambia hivyo njia nzima hadi Kapsoya, na mtu asiye na hatia hahitaji kujiambia jambo moja mara nyingi namna hiyo.

Barua ya kumteua Nyongesa ilikuja baada ya wiki. Waiyego alikuwa wa kwanza kumpa mkono, mbele ya walimu wote. "Hongera, Sir," alisema. Hakumwita Baba Nanzala tena, siku hiyo wala nyingine yoyote.

Nyongesa alingoja ugomvi. Alingoja mwezi, akangoja muhula. Ugomvi angeujibu, angekana, angelia, angeomba radhi, lakini Waiyego hakumpa. Alimpa adabu. Nyongesa alipompangia ratiba nyepesi, alishukuru. Alama zilipotakiwa kutumwa mtandaoni naye mkuu akakwama, Waiyego alikuja ofisini kwake, akaketi, akatuma, akainuka. "Tayari, Sir." Nyongesa alimtazama akienda na akajichukia kwa dakika chache, kisha mzazi akabisha hodi. Zilipita hivyo siku, na nyingi zilikuwa siku nzuri. Mkewe alinunua kochi jipya. Kimilili walimwita mkuu. Usiku tu ndipo alipokumbuka kwamba kuna mtu mmoja Eldoret ambaye hangeweza tena kumwuliza habari za watoto.

Mwaka huu, mwezi wa Julai, Macharia aliamua kuhamishia duka Moi's Bridge, kwenye mashamba makubwa na biashara ya nafaka. Waiyego aliomba kazi katika shule moja ya huko, na shule hiyo ikataka barua ya sifa kutoka kwa mkuu wake. Alikuja kuiomba kama mtu anavyoomba chaki.

Nyongesa aliiandika mwenyewe, siku tatu. Aliandika kuhusu gunia la mbolea na watoto waliobishana. Aliandika kuhusu mtaala na ratiba. Mwishoni akaandika jambo alilolibeba miaka miwili na nusu: kwamba theluthi ya digrii yake mwenyewe aliisoma mtandaoni, kwamba Bi. Waiyego ndiye aliyemfundisha njia hiyo, na kwamba kama digrii yake inatosha kuongoza shule, ya Bi. Waiyego inatosha zaidi. Alipomaliza alijihisi mwepesi. Jumamosi asubuhi alipanda boda hadi Elgon View, kwa sababu barua kama hizo Mzee Kimeli alipenda kuzisikia kabla hazijatoka.

Mzee alikuwa verandani na sampuli za mahindi kwenye vikombe, akiyauma moja moja kujua kama yamekauka. Miwani yake ilikuwa imevunjika. "Nisomee," alisema, na Nyongesa akalazimika kuisoma kwa sauti hadi mwisho. Alipofika kwenye ule mstari alitamani kuuruka, lakini aliusoma.

Kimeli aliacha kutafuna.

"Sasa mbona hukuniambia ile siku?"

"Niliogopa, Mzee. Niliona utanikataa."

"Nikukatae kwa nini? Hiyo mwaka hata kanisa tulienda kwa simu." Mzee aliweka kikombe chini. Hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. "Mwalimu, mimi nilikuwa nauliza kwa sababu sijui. Yule mama nilikuwa nimempenda vile aliongea. Ilikuwa imebaki hiyo kitu moja tu. Nikasema, huyu ni mwalimu, atanijulisha. Ungesema ni sawa, ningempa yeye kazi, na wewe ungekuwa naibu wake. Hungelala njaa."

Nyongesa aliikunja barua. Miaka yote hiyo alijipa udhuru mmoja, kwamba kwa wazee kama hawa mambo huwa yameamuliwa tayari na neno lake halingebadilisha chochote. Sasa aliambiwa kwamba jambo lile halikuwa limeamuliwa. Lilikuwa limewekwa mkononi mwake, kwa heshima, na mtu aliyevua kofia.

"Peleka barua," alisema Kimeli, akarudia mahindi yake. "Ni nzuri."

Jumatatu Waiyego aliingia ofisini kabla ya gwaride. Nyongesa alimpa barua, na alipoanza kusoma, yeye akaanza kusema.

"Mama Wamucii, ile siku ya usaili, mimi nilisema..."

"Najua ulisema nini, Sir," alisema Waiyego, macho yakiwa kwenye karatasi. "Kompyuta ya Joyline ilikuwa imegoma. Aliniletea nimchapie ripoti ya ule usaili."

Nyongesa alikaa. Kwa hiyo Waiyego alikuwa amejua kabla ya barua ya uteuzi kutoka, kabla ya ule mkono mbele ya walimu wote. Aliyachapa yale maneno kwa vidole vyake, kisha akaja akampongeza.

"Na hukuniuliza?"

"Nilingoja uniambie mwenyewe." Alifika mwisho wa ukurasa, akasoma sehemu ile polepole, mara mbili. Kwa muda kidogo uso wake ulilegea, na Nyongesa akathubutu kutumaini. Kisha akaiweka barua mezani na kuweka kidole juu ya mstari.

"Ni vizuri umeandika. Lakini hii toa."

"Nitoe? Hiyo ndiyo ukweli. Nimemsomea hata Mzee."

"Mzee ananijua. Hawa wa Moi's Bridge hawanijui. Wakisoma hapa kwamba nilikuwa na wewe kwa masomo yako, watauliza kama mtihani ulifanya wewe ama nilikufanyia mimi. Digrii yangu tayari wanaiangalia vibaya. Nikiongeza hiyo, nimeisha."

"Nitawaambia ulikuwa nje ya mlango. Nitapiga simu."

Waiyego alimtazama, bila hasira, kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama tangu siku ile.

"Ungepiga ile wakati ingenisaidia," alisema. "Andika tu nilifanya kazi vizuri. Hiyo inatosha."

Nje watoto walikuwa wamejipanga tayari. Nyongesa aliwasha kompyuta, akaitafuta barua, akaufikia mstari na kuanza kuufuta herufi baada ya herufi kutoka mwisho, kwa sababu hakujua namna ya kufuta sentensi nzima kwa mara moja. Ulikuwa mrefu. Waiyego alisimama nyuma ya kiti akingoja, na safari hii hakumwonyesha.